Kiatu Kiko Wapi? Mwalimu Wetu wa Kemia Anastaafu

Tarehe thelathini mwezi huu mwalimu wetu wa kemia anakabidhi ufunguo wa maabara, baada ya kufundisha hapa miaka thelathini na mmoja. Mimi ndiye ninayeosha vyombo vya maabara hiyo. Kamati ya jarida la shule imenipa kazi ya kuandika kwa maelezo kwamba walimu wana mitihani ya kusahihisha. Mimi nina mtoto anayeota meno, kwa hiyo sitazunguka.

Alikuja akiwa kijana mwembamba mwenye koti jeupe lililompwaya. Koti ni lile lile, sasa linambana. Huchelewa vikaoni, na huleta koti kufuliwa likiwa na chaki mfukoni, jambo ambalo nimemkataza mpaka nimechoka. Amefundisha mada zote, ila sifa yake ni moja: kusawazisha milinganyo ya kemikali kwa wanaoanza. Wanafunzi humwita Mwalimu Kiatu, na jina hilo halikutoka hewani.

Miaka minne iliyopita, karibu kidato cha kwanza chote kilianguka jaribio la kusawazisha. Mkuu wa shule akataka walioanguka waondolewe kemia. Mwalimu akasimama kikaoni, akasema mtoto hafungiwi mlango wa uuguzi kwa sababu ya namba mbili tatu. Akapewa wiki mbili. Wakianguka tena, wanatoka.

Wiki ya kwanza haikuzaa kitu. Aliandika H₂ + O₂ → H₂O, akaeleza kwamba chembe zilizoingia ndizo zinazotoka, hakuna inayopotea. Darasa likaitikia "ndiyo mwalimu", kisha likakosea vilevile.

Siku hizo sikuwa na mtu wa kumwachia mtoto, kwa hiyo kifungua mimba wangu alishinda nami chumba cha nyuma, akivua viatu na kuvirusha. Mwalimu alinikuta nimepiga magoti chini ya sinki, kiatu kimoja mkononi, nikimuuliza mtoto, "Haya, kingine kiko wapi?" Mwalimu akanyoosha mkono. "Mama, hebu niazime hicho."

Akaingia nacho darasani. Oksijeni ya hewani, akawaambia, hutembea mbili mbili kama viatu. Maji yamevaa kimoja tu. "Kiatu kingine kiko wapi?" Msichana mmoja akakimbilia ubaoni, akageuza H₂O kuwa H₂O₂. Mwalimu alicheka hadi akakaa. "Umekificha ndani ya maji! Hayo si maji tena, binti yangu, hiyo ni dawa ya kusafishia vidonda. Nani ana kiu?" Namba ndogo ya chini haiguswi, akasema, tunachoongeza ni namba ya mbele. Weka 2 mbele ya maji, kila kiatu kimepata mguu. Sasa haidrojeni za kulia ni nne, basi weka 2 mbele ya haidrojeni ya kushoto: 2H₂ + O₂ → 2H₂O.

Jaribio liliporudiwa, walioanguka walikuwa wachache, na mkuu hakumwondoa hata mmoja. Kiatu sikurudishiwa.

Mwaka huu alikuwa na hofu moja, na aliitamka wazi chumba cha walimu: akishaondoka, watoto watarudi kukariri, asiwepo wa kuwauliza. Kipindi chake cha mwisho kilihusu utepe wa magnesi unaoungua. Aliandika Mg + O₂ → MgO, akaweka chaki mfukoni, akaanza kukusanya vitabu. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, kiatu kiko wapi?" Wengine wakaidaka, wakapiga na madawati.

Kama alisahau au alitega, hajasema, nami sikumuuliza. Alitoa chaki, akampa aliyeuliza, akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi kutazama zile 2 zikiwekwa mahali pake.

Mwalimu, shule nzima inakushukuru. Kiatu baki nacho, mguu wenyewe ulishakua. Tunakuombea ustaafu wenye afya na kicheko, na kila asubuhi ukiamka uvikute vyako vyote viwili.