Ubeti wa Nne wa Mzee Thuranira

Wasikilizaji wapendwa, kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mzee Thuranira ni viatu. Hapa studioni tunavua viatu mlangoni kwa sababu ya zulia. Siku ya kwanza alipokuwa akitoka, aliinua kiatu cha kulia, akakigeuza juu chini, akakigonga ukutani mara mbili. Kisha cha kushoto. Ndipo akavaa.

Nikamuuliza, kwa sauti hii yangu ndogo mnayoilalamikia kila siku, "Mzee, kuna mchanga?"

"Nge," akasema.

Timau hakuna nge. Timau kuna baridi na ngano. Lakini Mzee alikaa handakini kule kaskazini miezi kumi na mmoja, miaka ile michache baada ya uhuru, katika vita ambavyo watu waliviita vya mashifta, waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga. Mwili wake haukuwa umepata habari kwamba vita vimeisha.

Mzee Thuranira alifariki Jumanne iliyopita. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Mzee Thuranira wa Timau, aliyekuwa askari, kisha mkulima wa viazi, alifariki Jumanne, nyumbani kwake, kitandani mwake, akiwa na miaka sabini na tisa. Leo tunamkumbuka.

Handakini alikuwa akiandika mashairi. Aliandika kwa Kiswahili, kwa sababu kikosini kulikuwa na watu wa kila kabila. Karatasi hazikuwepo. Alikata maboksi ya biskuti za jeshi kwa kisu, akaandika nyuma yake kwa penseli.

Mkewe, Mama Cicily, Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Alivikuta vipande hivyo kwenye mkoba wa mumewe aliporudi. "Niliona ni Kiswahili, nikajua ni mambo ya serikali," aliniambia juzi. "Nikaviweka pamoja na hati ya shamba. Miaka hamsini navikinga na panya. Kumbe mzee alikuwa analia tu." Akacheka. Binti yake Ednah, aliyeolewa Kibugu, aliniambia hicho kilikuwa kicheko cha kwanza nyumbani humo tangu msiba uingie.

Hayakuwa mashairi ya kusifu vita, wasikilizaji. Huu ni ubeti wa kwanza wa shairi lake moja:

Handakini tumekaa, mchanga ndio chakula,
Usiku hatuna taa, mchana hatujalala,
Mwenye vita amekaa, kule mjini akila,
Vita hivi ni vya nani, na anayekufa mimi?

Mwaka huu macho yake yalipoanza kuisha, alilileta shairi hilo hapa. Alitaka lisomwe hewani kabla hajafa. Beti zote nne. "Ubeti wa nne ndio shairi," alisema. "Hizo tatu ni njia ya kufika." Alitaka usikike mpaka Maua, kwa sababu Maua kuna familia ambazo kwao ni kule kaskazini.

Nilimwambia atafute mtangazaji mwenye masomo, mimi ni wa kusoma matangazo ya vifo tu, niliishia darasa la sita. Akanitazama. "Wafu wa watu wengine unawasoma kila jioni," akasema. "Huyu wangu ana shida gani?"

Basi nikasoma. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne nikauruka, nikaweka wimbo.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni. Hakuketi. "Mwari, binti yangu, jana umeme ulipotea Timau kwa ubeti mmoja tu. Huku pia?"

Nikamwambia niliuruka, niliogopa kuwaudhi wasikilizaji wa Maua.

"Basi bado ninaye," akasema. "Miaka hamsini na saba nimembeba. Jana nilidhani nitamweka chini."

Jioni hiyo niliusoma peke yake, bila wimbo. Nausoma tena leo:

Nilimuua kijana, penye kisima mchana,
Miaka tumelingana, na viatu naye hana,
Nilimfukia jana, kaburi halina jina,
Mamake akiuliza, mwambieni mimi ndiye.

Jioni ile, nilipomaliza tu, simu ikalia. Alikuwa mama mmoja anayeuza vitambaa Maua, jina lake Dhahabo.

"Wewe msichana, huyo mzee yuko hapo?"

"Yuko kwake, anasikiliza."

"Mwambie mjomba wangu mmoja alienda kisimani wakati wa vita vile, hakurudi. Sijui kama ni huyo. Visima ni vingi na waliokwenda ni wengi. Lakini nimemweleza mama yangu. Amesema, huyo angalau alifukiwa, na kuna anayemkumbuka. Amewaombea wote wawili. Mwambie mzee alale." Kisha akaongeza, "Na wewe ongeza sauti. Unasoma kama mtu aliyeiba sukari."

Mzee alilala. Mama Cicily anasema tangu waoane, mumewe alikuwa mtu wa kushtuka na kuketi kitandani. "Lakini siku hiyo alikoroma mpaka nikahamia kwa wajukuu. Sijawahi kufurahia kelele namna hiyo."

Alikoroma hivyo wiki tano. Jumanne hakuamka.

Mama Cicily, Ednah, na nyinyi nyote wa boma lile la Timau, poleni sana. Tunalia nanyi, na pia tunashukuru nanyi, kwa sababu mmempumzisha mtu aliyekuwa tayari amepumzika.

Nawe unayesikiliza, ikiwa nyumbani kwenu kuna mtu aliyetoka vitani na hasemi, usimharakishe. Kaa karibu. Siku akisema, asikose wa kumsikia.

Mimi nami nina langu. Wengi mliniuliza kwa nini niliuruka ubeti ule. Niliwajibu kwamba niliogopa kuwaudhi wasikilizaji wa Maua. Mkaniamini, hata Mzee akaniamini. Haikuwa kweli. Kaka yangu Mukiri alikuwa askari. Alivuka mpaka kwenda Somalia nikiwa darasa la sita, na kilichorudi kilikuwa sanduku. Sikurudi shule. Sikutaka mtu yeyote wa upande ule ahurumiwe kwa sauti yangu. Jioni ile nilipousoma ubeti, nilizima maikrofoni nikamlilia yule kijana wa kisimani. Halafu nikamlilia Mukiri, ambaye siku zote hizo nilikuwa sijamlilia.