Baruti Iliyomwagika Mezani kwa Msumari

Kahawa ya asubuhi ile ililetwa na Merle, na hapo tu tulijua kuna jambo, kwa sababu Merle kwenye benchi letu ni mtu wa kunywa, si wa kuleta. Benchi liko mbele ya duka la chakula cha mifugo, hapa Salmon, Idaho, upande unaopata jua mapema. Merle tunamwita Msumari, kazi yake ni kuwapigilia farasi vyuma vya kwato. Hollis ni Redio, na sababu utaisikia mwenyewe. Orpha, mjane wa mkata magogo, anajaza risasi zake mwenyewe tangu ujana na haendi popote bila mizani ya kupimia baruti, basi tukamwita Mama Mizani. Mimi ndiye mmiminaji wa kahawa.

— Nyweni, alisema Msumari. Leo nina mikono miwili kwa sababu ya huyu mama.

— Kwani jana ulikuwa nayo mingapi? akauliza Redio.

— Sikiliza kwanza, we mzee! Jana nimekaa bandani najaza risasi za ile bastola yangu ya magnum. Nimeshatia baruti kwenye ganda, simu ikalia. Binti yangu kajifungua! Nikarudi mezani kichwa kiko mawinguni, nikatia tena. Ganda lile lile.

— Mungu wangu, nikasema.

— Ikafurika, bwana. Ikamwagika meza nzima. Ndipo nikashtuka.

Mama Mizani akaweka kikombe chini.

— Si nilikwambia uache ile baruti ya haraka, inayowaka kwa mpigo? Ile inakaa kidogo tu ndani ya ganda, huko chini. Ukitia mara mbili bado kuna nafasi, unaona mambo shwari, siku ya kufyatua bastola inakupasukia mkononi. Hii ya polepole inajaa karibu ganda zima. Ukikosea inakuumbua hapo hapo.

— Na inamaliza kopo upesi, akadakia Redio. Hiyo ni baruti ya matajiri. Halafu kilichomwokoa si baruti, ni mtoto.

— Mtoto ndiye aliyemchanganya!

— Alimchanganya ili amwokoe. Fikiri, mama. Asingekosea jana, angekosea kesho.

— Huyu kanywa nini leo?

— Mjomba wangu kule Butte alitia ya haraka mara tatu. Bastola ikapasuka, kipande kikaruka, kikaangusha bata wawili. Mkono haukuguswa na chakula cha jioni kikapatikana.

— Acha fiksi, Redio!

Mimi nikasema labda kilichomwokoa ni meza yake, maana imeinamia upande mmoja. Mama Mizani alinitazama kama ninavyotazamwa na mke wangu nikiingia na matope.

Msumari hakucheka.

— Chekeni tu. Jioni nilikwenda hospitali, wakanipa mjukuu nimpakate. Mikono hii hii. Nikamtazama, nikawaza, ningempakata kwa mikono ipi? Mama Orpha, sijui nikwambie nini.

— Usiniambie kitu. Nimiminieni kahawa, akasema Mama Mizani, akanisogezea kikombe.

Mlangoni mwa duka alikuwa amesimama mwanamke mgeni, mwalimu mpya wa shule, gunia la chakula cha mbwa miguuni pake. Alikuwa akitusikiliza.

— Samahanini wazee, mimi mambo ya risasi siyajui. Wewe uliyepata mjukuu, zile ulizojaza kwa baruti ya zamani ziko wapi?

Krismasi Msumari alikuwa amezigawa kama zawadi, kiboksi kwa kila rafiki, na nani alibakiwa na ngapi, hakujua. Redio akainamisha macho taratibu kwenye bastola iliyokuwa kiunoni mwake.

— Hizi?

— Hizo, akasema Msumari.

Redio alizitoa moja moja, akamwekea Mama Mizani kiganjani. Mama akaleta kutoka kwenye gari lake mizani na ile nyundo ya kung'olea vichwa vya risasi. Akagonga ya kwanza, akapima. Salama. Ya pili, salama.

— Mnaona? Kelele za bure, akasema Redio.

Ya tatu baruti ilitoka, ikaendelea kutoka. Mama Mizani alipima, akapima tena.

— Mara mbili, akasema.



— Jumamosi nilikuwa nalenga makopo na hizi, akasema Redio polepole. Mvua ikanikatiza.

— Hollis, nilikupa zawadi, akasema Msumari, machozi yakimtoka. Nilikupa kwa mkono wangu.

— Najua, ndugu yangu. Ulinipa kwa upendo. Kaa chini.

Akamkalisha, akamshika bega. Msumari akaanza kutaja majina ya wote aliowapa, mimi nikapiga simu mmoja baada ya mwingine. Kabla ya saa sita viboksi vyote vilikuwa benchini, na hakuna aliyeumia. Mama Mizani alizigonga risasi zote, hakutaka kusaidiwa.

Lakini kabla ya hayo, mwalimu aliinama kuchukua gunia lake aende zake. Redio akaruka.

— Niachie mimi, dada.

— Nitaweza, mzee, si zito.

— Niachie. Mkono bado ninao.

Akalitupia begani, akamtangulia mpaka kwenye gari.