Mkutano wa Mbingu Ambao Haujaisha

Mgeni wetu rasmi, Bwana Afisa Elimu wa Jimbo, shikamoo. Sisi wanafunzi wa shule ya kati hapa Mtinko tumefurahi kukuona. Vumbi la njiani utusamehe.

Historia ya jambo letu

Mwaka jana mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Zefania, aliandaa mkutano wa siku moja kuhusu ulimwengu. Aliwaalika wataalamu kutoka chuo kikuu kule Uganda. Swali lilikuwa moja: je, ulimwengu ulikuwa na mwanzo, au umekuwepo siku zote? Mwalimu alikosa usingizi kwa furaha. Alizunguka mnadani mwenyewe akitangaza kwamba wajuzi wa mbingu wanakuja.

Hapo ndipo alipoteleza. Mvua ilikuwa imegoma, na huku kwetu mjuzi wa mbingu huitwa kwa jambo moja tu. Asubuhi ya mkutano wazee walifurika uwanjani na kondoo mweusi wa tambiko.

"Mwalimu," aliuliza Mzee Ntandu, "hawa watu wako wataleta mvua lini?"

"Hapana, mzee wangu. Wanatafuta mbingu zilianzaje."

"Basi waanze na mvua."

Mafanikio

Mwalimu hakumfukuza mtu. Aliwapa wazee viti vya mbele, sisi tukasimama. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamegawanyika pande mbili wakibishania mwanzo wa ulimwengu, kondoo amesahauliwa. Tulijivuna sana.

Matatizo

Karani mmoja aliuona umati, akapeleka habari kwamba ni mkutano wa siasa bila kibali. Askari walitutawanya, wataalamu wakapandishwa gari. Tangu hapo Mwalimu Zefania amezuiwa kufundisha, anatunza stoo ya majembe. Kipindi cha hesabu kikifika hupita dirishani, hupunguza mwendo, kisha huenda zake. Inatuuma.

Ombi

Mwalimu aliposikia unakuja, alitusihi tuombe madawati, tusimtaje yeye. Leo tumemwasi kwa mara ya kwanza. Madawati yasubiri, tutakaa chini. Tunaomba kibali cha siku moja tuumalize mkutano, na Mwalimu Zefania auongoze.

Wazee wamekataa kumrudisha kondoo wao zizini. Wanasema mkutano haujaisha. Yuko nyuma ya darasa la sita, tunamchunga kwa zamu. Ukitoka hapa utamwona, Bwana. Aliyeshika kamba yake leo ni Mwalimu.

Mungu akufikishe salama Dodoma, na akukumbushe Mtinko.

Ni sisi wanafunzi wako, bado tumesimama.