Kinga ya Dominique Yapanda Tipoye

Nyuma ya msikiti mmoja wa Kasongo, penye kivuli cha ukuta wa duka lililofungwa, ulikuwapo ubao mrefu juu ya matofali, nao ndio uliokuwa baraza la watu wasioitwa kwenye baraza lolote. Mwenye ubao alikuwa Atumani, mpika kahawa, ambaye tangu vita vya Ulaya viimalize sukari aliimimina kahawa chungu na kumkazia macho mnywaji mpaka ameze. Kando yake aliketi Heri, aliyeitwa Gazeti kwa kuwa hakukosa habari, ya kweli au ya kujitungia. Akafuata Michel, aliyeitwa Bega, maana ujanani alibeba tipoye, kile kiti cha mabwana chenye miti mirefu, kutoka Kasongo hadi Kabambare. Asubuhi hiyo wa mwisho kufika alikuwa Dominique Kengele, akiikokota baiskeli yake, ambayo huko huitwa kinga. Iling'aa kama kikombe cha misa, lakini magurudumu yalikuwa chuma kitupu, bila mipira.

Dominique alikuwa na neno zito. Mkewe Léontine alikuwa amekwenda kwao Lusangi tangu mvua za kwanza, na jana baba mkwe alituma ujumbe kwamba mpunga ukivunwa kabla mume hajaja kumchukua, mbuzi wa mahari watarudishwa na mambo yatakwisha. Desturi ilitaka mume aende mwenyewe. Naye Dominique aliapa kwamba hawezi kufika ukweni kwa miguu, yeye aliyekwenda kuposa juu ya kinga, akipiga kengele, kijiji kizima kikitoka nje kumtazama.

— Basi panda, uende, alisema Michel.

— Juu ya chuma? Nangoja mipira.

Heri akaeleza kwa nini mipira haiji. Watu wa Maniema wanasukumwa porini kugema mpira, lakini mpira wote unapelekwa kwenye ndege za vita, kwa sababu ndege za siku hizi zinatua juu ya mawingu, na wingu la Ulaya lina miiba. Atumani akamuuliza ni nani aliyeliona wingu hilo. Heri akajibu kwamba aliyeliona hakurudi.

Atumani akamimina tena.

— Shida ikiingia, mutu anajiuliza ashike kitu gani kwanza. Miye nimejiuliza usiku na mchana. Ni chumvi.

— Ni habari, alisema Heri. Bila habari, hata chumvi hujui iko wapi.

— Bega, alisema Michel. Chumvi inaisha, habari inageuka uongo. Bega iko.

Wakamgeukia Dominique.

— Mipira miwili. Nikiipata, muke anarudi, watoto wanarudi, na hata mvua itaninyeshea kwa heshima.

Alisema hivyo akicheka, lakini neno mvua lilimrudisha nyumbani kwake. Barazani alikuwa amesema kwamba Léontine aliondolewa na njaa. Haikuwa njaa. Nyumba ilivuja, ikabaki pembe moja tu kavu, naye Dominique aliusogeza mkeka wa mkewe akaisimamisha kinga pale, isije ikashika kutu. Léontine aliukunja ule mkeka kulipopambazuka, ukiwa bado unachuruzika maji, akaenda kwao.

Wenzake hawakumwona, kwa kuwa walikwisha kuzama katika dawa ya magurudumu. Heri alishauri wayajaze majani makavu. Atumani akasema majani yataliwa na mbuzi wa baba mkwe, ni afadhali wayazungushie utomvu wa mpira wenyewe. Heri akaonya kwamba polisi akiona utomvu ataipeleka kinga kwenye mizani ya serikali ya kupimia mpira, nayo itafika vitani kabla ya mwenyewe kufika Lusangi. Ndipo Michel alipokohoa, kama mtu aliyewaachia watoto wacheze kwanza.

— Mukubwa asipotaka kutembea, tunafanya nini? Tunamubeba. Na kinga ibebwe.

Kwanza walicheka. Kisha wakaacha kucheka, jambo lililokuwa baya zaidi, kwa sababu walianza kupanga. Heri angetangulia kutangaza. Atumani angeshika mwavuli juu ya usukani. Kwenye kijito cha mwisho wangeiteremsha, Dominique angeketi juu yake, Michel angemsukuma kwa nyuma, na chuma kikipiga kelele, wangeimba kuishinda. Dominique naye alisikia moyo ukimpanda kwa furaha kama mtu aliyekunywa pombe ya ndizi. Mara miti ya Michel ikaletwa, kiti cha Atumani kikafungwa katikati, kinga ikaketishwa. Wakaizungusha uwanjani, Michel akiimba wimbo wa wabebaji, kahawa ikimwagika, kengele ikilia.

Mwanamke mwenye vyungu kichwani akasimama kuwapisha.

— Jambo, wababa. Mugonjwa iko wapi?

— Hakuna mugonjwa, mama, alisema Michel, akihema. Ni kinga. Tunaipeleka Lusangi, ikamulete muke wa huyu.

Mwanamke aliitazama kinga, akaridhika kwamba ilikuwa kinga.

— Njia ya Lusangi naijua. Ni ndefu. Na yeye muke, alienda na nini?

Heri, asiyekosa habari, alitazama vidole vyake. Atumani alichungulia ndani ya birika. Dominique alijua jibu: alikwenda kwa miguu, mtoto mgongoni, mwingine mkononi, mkeka mbichi kichwani. Mwanamke akaenda zake, kwa kuwa soko halikuwa likimngoja.

Dominique akautua mti aliokuwa ameushika. Akafunga mkanda.

— Unaenda wapi? aliuliza Michel.

— Lusangi.

— Na kinga?

— Iko na kiti.

Atumani aliingia kibandani mwake, akatoka na chumvi iliyofungwa katika jani, chumvi yake ya mwisho, akamtia mkononi bila kumtazama. Heri akaahidi kutangaza kwamba ameondoka kwa motokari. Michel akamuuliza atamwambia nini baba mkwe.

— Nitamwambia kinga ililala pakavu.

Hawakulielewa neno hilo. Walimtazama mpaka alipopotea kwenye kona, na papo hapo mvua ikashuka. Watatu wakairukia tipoye, wakaikimbiza hadi chini ya upenu wa duka, wakaisukuma mpaka ukutani. Upenu ukajaa. Wakasimama nje, wakilowa, vikombe mikononi vikijaa maji.

Michel ndiye aliyeanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika, kisha Atumani, na Heri wa mwisho, kwa aibu.

— Kumbe nyumbani mwake ilikuwa hivi, alisema Atumani.

Wakaiteremsha kinga kitini, wakaisimamisha uwanjani, wakaingia wao chini ya upenu. Matone yaliipiga kengele, ikalia yenyewe, ting, ting, hadi mvua ilipokwisha.