Bi Saynab na Fungate ya Panya Weupe

Tarehe 30 Juni 2025, Bi Saynab Dagane atastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika nyumba ya wanyama ya kituo chetu cha utafiti hapa Garissa. Alitoka Sangailu akaanza kwa kusafisha vizimba, akasomea kazi ya maabara huku akiwa kazini, na sasa anaondoka akiwa msimamizi wa nyumba nzima.

Wengi wanamkumbuka kwa mwaka 2016. Daktari Mamo Jirma alikuwa akichunguza jinsi homoni za msongo wa mawazo zinavyozuia panya kupandana. Kundi moja lilisumbuliwa kwa makusudi, jingine liliachwa litulie. Ajabu ni kwamba hata kundi tulivu lilikataa kupandana, na damu yake ilijaa homoni zilezile. Bila watoto wa panya utafiti ungefungwa, na mwanafunzi wetu Ayan angekosa shahada yake.

Tulibadilisha chakula, feni na hata maranda wanayolalia. Hapakuwa na nafuu.

Bi Saynab ndiye aliyegundua kosa letu sote. Hapa kwetu mgeni harudishwi mlangoni. Jamaa wakija kutoka Wajir au Hagadera, tuliwaonyesha panya weupe. Kwa kuwa wageni hawakuruhusiwa kuligusa kundi lililosumbuliwa, tuliwafunulia vizimba vya kundi tulivu, na wengine wakawainua panya kwa mkia wapate kucheka.

Bi Saynab akafunga mlango wa nyumba ya wanyama, akatandika mkeka barazani na kuweka chupa ya chai ya tangawizi. Kisha Mkurugenzi Abshir akafika na wazee waheshimiwa waliotaka kuwaona panya. Tulidhani akiwazuia atafukuzwa kazi.

"Karibuni chai, Mkurugenzi," alisema. "Ndani kuna maharusi, na fungate haipokei wageni."

 Mzee mmoja akavua viatu, akaketi, akasema bibi huyu ana adabu kuliko sisi. Wote wakaketi.

Wiki chache baadaye homoni zilishuka, na Ayan akatuita tuje kusikia vilio vyembamba vya watoto wa kwanza. Tulisikiliza tukiwa nje. Leo Ayan ndiye anayerithi nafasi ya Bi Saynab.

Asante, dada yetu. Mungu akujalie afya, mvua njema Sangailu, mbuzi wanaozaa mapacha, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu.