Nahodha Lwakatare na Asubuhi ya Senene

Ndugu Nathanael Lwakatare, nahodha wa meli ya mizigo Mv. Rweya, anastaafu tarehe 30 Juni 1984 baada ya miaka thelathini na mitatu ziwani. Alituomba sisi mabaharia wake tusiandike mengi. Tumemsikia, na tunaandika.

Alizaliwa Maruku, karibu na Bukoba, ambako baba yake alitaka awe mtu wa kahawa. Kijana akapenda maji. Mwaka 1951 alianza kwa kusugua sitaha, wakati manahodha wote walikuwa Wazungu. Uhuru ulimkuta ameshika usukani, na mwaka 1968 akakabidhiwa Rweya. Mkewe, Ma Kokuhirwa wa Muleba, husema yeye ni mke wa pili. Wa kwanza ni wa chuma.

Miaka ya vijiji vya ujamaa tulibeba mabati, majembe na saruji. Safari moja tulibeba fahali wa kijiji akisindikizwa na kamati nzima, maana hakuna mjumbe aliyekubali mwenzake apate sifa ya kumfikisha. Fahali alitulia. Kamati ndiyo iliyotapika.

Lakini Kapteni huyu tutamkumbuka zaidi kwa Novemba 1978. Vita vilipofika Kagera, Rweya ilipakua magunia ya kahawa ikapakia watu wa kupeleka Mwanza: akina mama, watoto, wagonjwa, pamoja na kuku na magodoro yao. Sitaha ilijaa pomoni. Wengi walikuwa wanalia. Ma Kokuhirwa naye alikuwemo.

Kulipopambazuka, wingu la senene, wale panzi watamu wa kukaanga, likatushukia, wengi wakatua upande wa kushoto. Mhaya na senene mnawajua. Kilio kilikoma, khanga zikatandazwa, na abiria karibu wote wakakimbilia upande huo mmoja, Ma Kokuhirwa mbele yao. Huko chini kwenye mitambo, mimi Buberwa ninayeandika haya na mwenzangu Burhani tuliona birika la chai linateleza mezani peke yake. Meli ilikuwa inalala ubavu. Nilimwita Mungu kwa Kihaya, nikarudia kwa Kiswahili.

Kapteni angetangaza hatari, watu wangekanyagana na sote tungezama. Hakutangaza. Alishika kipaza sauti na kusema kwa Kihaya, kwa uchangamfu wa mtu anayefungua harusi, kwamba sasa ni mashindano ya kukamata senene, kila mtu na watu wa kwao: wa Kiziba wabaki kushoto, wa Ihangiro na Maruku wahamie kulia, waliko senene wanono zaidi, na mwamuzi ni yeye. “Waitu, ndugu zangu, polepole!” alisema. “Anayekimbia nimemtoa!”

Watu wa Ihangiro hawakubali kushindwa na Waziba, hata vitani. Walihama kwa hatua za kanisani, macho kwenye senene. Meli ikanyanyuka taratibu. Birika likatulia.

Tulifika Mwanza abiria wakicheka na kubishana nani kashinda. Wote walipokwisha kushuka, Kapteni alijifungia chumbani mwake akalia. Ma Kokuhirwa ndiye aliyetuambia, na tunamwomba Kapteni radhi kwa kuitoa siri hiyo hapa. Kesho yake aligeuza meli kurudi Bukoba. Mpaka vita vilipoisha alikuwa akileta unga, mafuta na viatu vya askari, na hakuna mtu hata mmoja aliyepotea mikononi mwake. Abiria wengi wa asubuhi ile wanajua leo, kwa kusoma hapa, walivyokaribia kuzama.

Mshindi hajatangazwa hadi sasa. Waziba wanadai ni wao, Ihangiro wanadai ni wao. Kapteni anajibu kwamba akitamka tu, watu watakimbilia upande mmoja tena.

Basi tarehe 30 Juni, atakaposhuka ngazi ya Rweya kwa mara ya mwisho, tunawaomba nyote, Waziba na watu wa Ihangiro, mje msimame upande mmoja, upande wake. Sukumaneni mtakavyo. Gati ni la mawe, halilali.

Kapteni, asante kwa maisha yetu. Sasa nenda ukaishi ya kwako, kwa raha na amani.