Mama Idadi na Kibao cha Boti ya Njano

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa tatu wa seremala na mshona magodoro. Wazazi walimpa jina zuri, lakini wengi wenu mlimwita Mama Idadi, naye aliitikia. Haya nimeyaandika mimi mume wake. Binti yetu mkubwa ananisomea, maana sauti imekataa.

Alisoma hadi darasa la sita. Baba yake alipoanguka kutoka paani akawa wa kitandani, masomo yakaishia hapo. Hesabu hakuiacha. Mume wake, yaani mimi, hakuwahi kukaa darasani. Herufi alifundishwa na mkewe, kwa vibao vya bati vilivyoharibika kazini kwake. Ndiyo maana maneno yangu ni machache. Kibao ni kidogo.

Mwaka 1971 aliajiriwa kwenye karakana ya boti za matembezi. Yeye alikuwa wa kibao cha usalama: kipande cha bati kinachosema boti imeundwa na nani, inabeba watu wangapi, kilo ngapi, na injini ya nguvu gani. Tarakimu alizigonga kwa nyundo, moja moja. Boti isiyo na kibao haikutoka mlangoni. Na kibao kilitakiwa kikae mbele ya usukani, pale macho ya anayeendesha yanapotua. Idadi ya watu aliigonga mwisho. Kwanza boti ilishushwa majini, wakapandishwa watu waliopimwa kwenye mizani, wanene kwa wembamba, mpaka maji yafike kwenye alama. Hapo ndipo aliposhika nyundo.

Ndivyo walivyokutana. Mume alikuwa mchukuzi wa magunia sokoni, akaitwa akakae kwenye boti.

"Kaka, una kilo ngapi?"

"Themanini."

"Mizani haina haya. Panda."

Zikaja tisini na sita. Karakana nzima ikaangua kicheko. Marehemu akasema, "Wewe kaa katikati. Mwongo akikaa pembeni atatuzamisha."

Walioana tarehe 26 Aprili 1975. Nimekaa katikati hadi juzi.

Kulikuwa na boti mbili pacha, ya kijani na ya njano. Zote alizigongea vibao vya watu watano. Muuzaji mmoja wa boti alizinunua, akazitia viti laini, akang'oa vibao mbele ya usukani akavipigilia chini ya viti. Marehemu aliposikia alimfuata dukani.

"Bwana, kibao si cha kufichwa."

"Mama, mteja ananunua raha. Haji hapa kusomewa kifo."

Jumapili tarehe 16 Agosti 1998 boti ya kijani ilizama. Maji yalikuwa yametulia kama ya kwenye beseni. Walikuwa wamepanda watu kumi na mmoja. Saba walizikwa. Wanne hawajaonekana mpaka leo. Boti ilipovutwa ufukweni, mtu mmoja aliinua mto wa kiti. Kibao kilikuwa kinang'aa kama kimegongwa asubuhi ile. Marehemu alikuwa amesimama pale. Aliisoma 5 yake mwenyewe, akaenda nyumbani kwa miguu.

Toka hapo alihesabu kila mahali. Alisita mlangoni kabla ya kuingia sebuleni, midomo ikicheza. Tulikuwa wanne tu, sisi na mabinti wetu wawili, naye anasema, "Leo tumejaa." Akachukua kitambaa akafuta kiti kikavu. Mtoto akikikalia kiti kile alimwinua taratibu: "Mpishe mwenzio." Hatukumuuliza mwenzio ni nani. Na sisi tuliacha kukikalia.

Boti ya njano muuzaji aliendelea kuikodisha. Siku za mapumziko alisimama gatini akihesabu wanaopanda, kwa sauti. Vijana walimtania: "Mama Idadi, tuhesabie na samaki!" Akajibu, "Samaki anajua kuogelea, mwanangu. Wewe je?" Wengine walicheka wakapanda. Wengine walicheka wakashuka. Alimwomba muuzaji akirudishe kibao mbele, mwaka baada ya mwaka. Jibu lilikuwa lile lile: "Nikikihamisha leo, watu watasema kukificha ndiko kulikoua jana."

Mwaka jana moyo wake ulianza kuvimba. Miguu ikajaa maji. Alilazwa, akarudi, akalazwa tena. Siku ya mwisho wodini nilikuwa naye peke yangu. Akatazama upande wa dirisha, midomo ikicheza. Nikamuuliza, "Wangapi?" Akasema, "Wote kumi na mmoja wamekuja. Wamelowa. Mwambie muuzaji akiweke kile kibao machoni, nao wapate kwenda." Alifariki alfajiri ya Jumanne tarehe 4 Juni 2024.

Siku ile waombolezaji walikuwa nje chini ya turubai. Mimi niliketi sebuleni, mlango umefungwa. Nikahesabu kama yeye. Nilikuwa peke yangu, lakini hesabu haikuishia kwa mmoja.

Muuzaji alikuja kutoa pole. Naye amezeeka, anatembelea fimbo. Nikamwambia, "Pole ya mikono mitupu sitaipokea. Niletee kibao." Nikamweleza maneno ya marehemu. Aliiacha chai yake ikapoa. Akaondoka bila kuaga.

Jana alirudi, mikono ina grisi. "Mzee, nimekipigilia mwenyewe. Twende ukaone." Tulikwenda. Boti ya njano ilikuwa gatini, kibao mbele ya usukani, kimekazwa kwa ribiti mpya. Nilipitisha kidole juu ya ile 5. Watu walikuwa wanapanda, mwanamke mmoja akakisoma, akawashika mkono wawili waliozidi akawashusha. Muuzaji alilia. Mimi bado.

Nilirudi nyumbani, nikaingia sebuleni, nikahesabu. Nikapata mmoja. Kiti kile nilikigusa, kikavu. Ndipo nikalia.

Ameacha mume, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu wanne, na mdogo wake wa kike aliye mshonaji. Karibuni nyumbani, sebule ina nafasi sasa.

Mke wangu, chombo unachopanda leo ni cha mtu mmoja. Nimehesabu. Hakijazidi. Pumzika kwa amani.